Shabir na Ndoo Nne za Betri Mfu

Shabir husimulia kisa hiki mwenyewe, na kila anapokisimulia hujipunguzia akili kidogo. Mwanzoni alijiita mtu aliyekosea hesabu. Siku hizi hujiita punda, na wasikilizaji wakicheka vizuri, humwomba punda msamaha.

Mwaka wa 2007 alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na duka la saa na redio alilorithi kwa babake, nyuma ya soko la Nakuru. Yeye huliita makumbusho yasiyotoza kiingilio. Ukutani kulikuwa na saa thelathini na kitu, kila moja ikitaja wakati wake, na kwenye rafu redio za mbao ambazo wenyewe walizileta zitengenezwe wakafa kabla ya kuzichukua. Kwa kuona mbele, Shabir hakuwa na bahati. Kanda za video zilipoingia mjini, aliagiza sindano za santuri. Simu za mkononi zilipoanza kuonekana, alimwambia kila mteja kwamba huo ni mchezo wa watoto wa matajiri na utaisha kabla ya Krismasi. Hakutaja Krismasi ya mwaka gani, na hilo ndilo jambo pekee la busara katika utabiri wake.

Kwenye veranda ya duka hilo alikuwa amempangisha pembe moja Wawira, fundi wa simu wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akiishi na mamake mtaani Rhonda. Wawira alikuwa na meza moja, mita ya kupimia umeme, kifaa cha kuchomelea waya na mwavuli wa kuzuia jua. Hakusomea popote. Simu ya kwanza aliifungua ikiwa yake mwenyewe, akashindwa kuifunga, akakasirika mpaka akajifunza. Baada ya mwaka mmoja meza yake ilikuwa inavuta watu kuliko duka zima. Walioingia ndani kwa Shabir wengi walikuwa wanatafuta chenji.

Mambo yalianza Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mezani, kwenye pilau. Tanveer, mtoto wa kakake Shabir, alikuwa amekuja kutoka Nairobi alikokuwa akisomea uhandisi. Kijana huyo alikuwa na tabia ya kutupa habari hovyo kama mtu anayetupa maganda ya njugu.

"Chacha, unajua betri ya simu ina nini ndani?" alimuuliza baba yake mdogo huku akitafuna. "Lithiamu. Na kobalti. Kobalti ni ile inachimbwa Kongo. Bei yake saa hii inapanda kama kichaa."

Shabir aliweka kijiko chini. "Ile betri ndogo? Ya simu hizi hizi?"

"Hizo hizo. Huko nje kuna viwanda vinanunua zile zimekufa, wanatoa madini ndani, wanatengeneza zingine. Huku sisi tunatupa kwa takataka."

Tanveer aliongeza pilau akaanza kuzungumzia kriketi. Lakini Shabir hakusikia tena neno. Nasim, mke aliyeishi naye miaka ishirini na tisa, alimtazama usoni akaona ile ishara aliyoifahamu tangu enzi za sindano za santuri.

"Usianze," alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakwambia sasa, kabla hujasema."

Jumatatu saa mbili asubuhi Shabir alikuwa ameinama juu ya mkebe wa maziwa wa Wawira, ule ambamo binti huyo alitupia betri zilizokataliwa na wateja. Alizihesabu. Zilikuwa sitini na nne. Akamwita mwandishi wa mabango, na kufikia mchana ubao ulikuwa umetundikwa mlangoni: LETA BETRI MFU ZA SIMU, TANO KWA JOZI YA BETRI ZA TOCHI. Betri za tochi alikuwa nazo katoni nzima, zilizokaa dukani hadi karatasi zake zikaanza kutoa maji. Kwa hiyo, kama anavyokiri leo, alikuwa anabadilisha maiti kwa wagonjwa mahututi na kuiita biashara.

Watu walileta. Walileta betri za simu, na kwa sababu ubao unasomwa na kila mtu kwa njia yake, walileta pia betri za gari, betri za saa, na mzee mmoja akaleta redio nzima akisema betri imo ndani lakini haitoki. Shabir alisimama mlangoni akichagua kama mnunuzi wa kahawa. Zile za simu aliziweka katika ndoo za rangi za lita kumi, kwenye stoo ya nyuma, na juu ya mfuniko wa kila ndoo akaandika kwa kalamu nzito: EXPORT.

Wawira alimfuata huko stoo wiki ya pili.

"Mzee, si uniwachie nizipime kwanza? Zingine hapa huenda hazijakufa."

"Usiguse, Wawira. Hizi si za kutengeneza. Hizi ni madini."

"Lakini kupima ni dakika tu..."

"Wewe fundi, angalia simu zako. Hii ni mambo ya dunia nzima."

Wawira alirudi mezani pake. Shabir anapofika hapa katika masimulizi yake husimama kidogo, apate kutikisa kichwa. Kati ya watu wote wa Nakuru, anasema, mtu aliyejua jibu alikuwa amesimama mbele yake na mita mkononi, naye akamwambia arudi akaangalie simu.

Kufikia mwezi wa sita mji ulikuwa umekauka betri, naye akaanza kuzifuata mashambani kwa pikapu yake kuukuu ya Datsun. Alikwenda Bahati siku ya soko, akazunguka kwenye vibanda vya kuchajia simu. Alipanda hadi Elburgon, ambako baridi ilimpata na shati la mikono mifupi, akamkuta mama mmoja aitwaye Jerop, aliyechaji simu za wafanyakazi wa viwanda vya mbao kwa betri ya trekta. Jerop alimtolea mfuko mzima wa betri za simu.

"Chukua tu, boss. Hizi tulikuwa tunatupa kwa choo."

Shabir alishtuka kama aliyeambiwa watu wanatupa pete za harusi. "Kwa choo! Mama, hii ni mali!"

"Kama ni mali, basi chukua na hizi za tochi."

"La, hizo si mali."

Jerop alizirudisha zile za tochi chini ya meza. "Wewe ni mtu wa ajabu. Takataka unachagua."

Mwezi wa nane ndoo mbili zikiwa zimejaa na ya tatu ikiwa nusu, Shabir aliamua ni wakati wa kuonja bei. Alipakia ndoo moja akaipeleka eneo la viwanda, kwa Mathenge, mnunuzi wa chuma chakavu aliyejulikana mji mzima kwa kufahamu uzito wa kitu kwa kukitazama. Mathenge alikuwa na kofia ya sufu na sumaku iliyofungwa kamba shingoni kama stetoskopu ya daktari. Aliitumbukiza sumaku ndani ya ndoo, akaitoa. Ilitoka tupu.

"Si chuma," alisema.

"Sijasema ni chuma. Ni kobalti. Na lithiamu. Ndani."

"Ndani wapi?"

Shabir akamhutubia. Alieleza habari za Kongo, viwanda vya ng'ambo, bei inayopanda, na jinsi nchi maskini zinavyotupa utajiri chooni. Ilikuwa hotuba nzuri. Hata vijana wa kubeba vyuma walisimama kusikiliza. Mathenge alimngoja amalize kwa adabu.

"Bwana Shabir, mimi hununua betri ya gari. Unajua kwa nini? Kwa sababu ina risasi ndani, na kuna mtu Nairobi huwa ananunua risasi. Nikikwama namjua kwa jina. Sasa hii yako, ukinionyesha mtu wa kununua, hata kesho nachukua. Huyo mtu ni nani?"

"Wako wengi. Ulaya."

"Mmoja tu. Jina lake."

Shabir alirudisha ndoo kwenye pikapu. Njiani alijiambia kwamba Mathenge ni mtu mwenye fikra finyu. Alijiambia hivyo kwa sauti, peke yake ndani ya gari, mpaka polisi wa trafiki akamkodolea macho.

Lakini swali lile lilimwasha. Kwa hiyo alikwenda saiba, duka la intaneti, akamwomba binti wa pale amsaidie, wakatuma barua pepe kwa kampuni saba za ng'ambo. Sita hazikujibu. Ya saba ilijibu mwishoni mwa mwezi wa tisa, kwa heshima kubwa sana, na Shabir aliichapisha barua hiyo akaja nayo nyumbani mkononi kama cheti. Nasim alivaa miwani akaisoma yote, huku mumewe akimzunguka.

"Wanasema wanapokea," alisema Nasim.

"Unaona!"

"Wanasema wanapokea kuanzia tani kumi." Akaendelea kusoma. "Na lazima serikali yetu itoe kibali, na serikali yao itoe kibali, na kila nchi meli inapopita itoe kibali, kwa sababu ni taka za hatari. Na gharama za kusafirisha ni zako. Halafu wakishapima ndio watakwambia kama wanakulipa wao au unawalipa wewe." Alivua miwani. "Wewe una kilo ngapi?"

Kesho yake Shabir alipima. Kila betri ilikuwa na uzito wa gramu ishirini hivi, wala haikuhitaji Tanveer kufanya hesabu hiyo. Betri alizokusanya kwa miezi yote hiyo, pamoja na zile za Jerop, zilikuwa kama elfu mbili na mia mbili, ndoo nne: kilo arobaini na nne. Kwa mwendo ule, meli yake ingejaa baada ya miaka mia moja na kitu. Alikaa juu ya ndoo ya EXPORT akawazia wajukuu wa wajukuu wake wakizunguka Elburgon kwa Datsun ile ile.

Mtu mwingine angeishia hapo. Shabir anasema, na hapa ndipo wasikilizaji huanza kusogeza viti, kwamba ujinga wake haukuwa wa kawaida. Ulikuwa na stamina. Kama hawezi kupeleka betri kwa wenye kutoa madini, basi atayatoa mwenyewe. Alitaka aone kobalti kwa macho, hata kama ni kijiko kimoja, apate kumwekea Mathenge mezani.

Alingoja hadi alasiri moja ya mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, Nasim akiwa kwa jirani. Akatandaza gazeti uani, akachukua koleo na bisibisi, akatafuta betri ya kuanzia. Nyingi zilikuwa nyembamba. Lakini moja ilikuwa nono, imevimba tumbo kama kitumbua, na Shabir akajiambia moyoni mwake kwamba iliyo nene lazima ina madini mengi. Aliibana kwa koleo, akaegemeza bisibisi penye tumbo, akainamisha uso karibu ili asipitwe na kitu.

Hakupitwa na kitu. Kulitoka kwanza mlio kama wa paka aliyekanyagwa, kisha harufu tamu ya kuchefua, kisha moto mweupe uliochomoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani kwa miaka. Shabir aliitupa betri bila kuchagua pa kuitupia. Ikaangukia beseni la nguo alizofua Nasim. Shuka moja ikashika moto, naye akaipiga kwa kandambili huku akipiga mayowe ambayo, kwa maelezo ya jirani, yalikuwa katika lugha nne.

Nasim alipoingia alimkuta mumewe ameketi chini kwenye moshi, ana kandambili moja, na upande wa kushoto wa uso hauna nyusi. Alimkagua mikono, akamkagua macho, akahakikisha anaona. Alimpaka dawa kwenye vidole viwili vilivyoungua, polepole. Kisha akaenda chumbani akafunga mlango. Shabir alidhani analia. Aliposogea akasikia kwamba anacheka, kicheko cha mtu aliyeogopa vibaya sana.

Asubuhi Wawira alimwona akija na kofia iliyovutwa hadi machoni. Alimtazama mara moja tu.

"Ulifungua ile imevimba," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Mzee, uso wako ndio umeniambia." Aliweka chini kifaa chake. "Hiyo imevimba haifunguliwi, haichajiwi, haiguswi. Ungeniuliza. Pole, lakini ungeniuliza."

Shabir aliketi kwenye kibao cha wateja. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu hakuwa na hotuba. Alifungua stoo, akatoa ndoo ya kwanza, akaiweka mezani pa Wawira. "Pima," alisema. "Pima zote. Nifundishe."

Wawira alianza kwa kuzitenga zilizovimba na zilizotoboka, akazifukia kwenye pipa la mchanga mkavu nyuma ya duka. Zilizobaki alizifuta vyuma vya mbele kwa kifutio cha penseli, kwa sababu nyingine, alisema, zilikuwa chafu tu. Kisha akagusisha nyaya za mita. Nyingi zilisoma sifuri. Lakini kila baada ya tano au sita, mita ilitaja volti mbili na kitu.

"Unaona hii? Haijakufa. Imelala sana mpaka chaja haiijui. Mwenye simu akiweka chaja, inakataa, anasema imekufa, anatupa." Aliiunganisha kwa nyaya mbili na betri nzima, dakika chache tu, kama gari linalosukumwa ili liwake. Kisha akaibana kwenye chaja. Taa nyekundu ikawaka. "Sasa tutaona kama itashika kesho. Ikishika, ni betri. Ikivimba ama ikipata joto, tunarudisha kwa mchanga."

Iliwachukua wiki tano. Shabir alifuta, Wawira akapima, na kila betri iliyopona ikabandikwa kipande cha plasta chenye tarehe. Ilipofika katikati ya Disemba walikuwa na betri karibu mia nne zilizoshika umeme. Shabir alizipanga kwenye rafu ya redio, akazitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amezunguka wilaya mbili akitafuta kitu cha thamani ndani ya betri, na kumbe betri yenyewe ndiyo ilikuwa na thamani. Alimwambia Wawira jambo hilo kana kwamba ndiye aliyeligundua, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akachukua kifutio.

Waliamua kuziuza Januari. Lakini Januari ile hakuna aliyefanya alichopanga. Matokeo ya uchaguzi wa rais yalikuwa yametangazwa mwisho wa Disemba, nchi ikawaka, na moto ukafika Nakuru mwisho wa Januari. Duka lilifungwa siku kadhaa. Shabir na Nasim walikaa ndani wakisikiliza milio na kutazama moshi upande wa Rhonda na Kaptembwo. Shabir alipiga simu ya Wawira mara nyingi asijue idadi. Haikupatikana.

Alipofungua duka tena, meza ya binti ilikuwa imekunjwa mahali pake verandani. Siku ya tatu alimwona akija kwa miguu, amevaa sweta la mwanamume, kubwa kuliko yeye. Nyumba yao Rhonda ilikuwa imechomwa. Yeye na mamake walikuwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu ya wengine, ndani ya hema. Nasim, aliyekuwa dukani siku hiyo, alimshika Wawira mabega akamketisha, akammiminia chai, akamwambia kwamba mamake atakuja kulala nyumbani kwao leo hii na hakuna mjadala.

Wawira alikunywa chai. Halafu akamgeukia Shabir.

"Mzee, zile betri bado ziko?"

"Ziko."

"Huko uwanjani watu wana simu. Lakini hazina chaji. Wengine walikimbia, simu ikaanguka, betri ikatoka. Namba za watu wao ziko ndani ya simu, hawazijui kwa kichwa. Mtu hajui mtoto wake yuko wapi na namba iko hapo mfukoni."

Hakuna aliyezungumza juu ya kuuza. Walipakia betri zote mia nne, chaja sita, na betri mbili za gari. Ya pili Shabir aliiazima kwa Mathenge, ambaye alimpa nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, wala hakuuliza jina la mtu yeyote. Waliweka meza ya Wawira kando ya foleni ya maji. Nusu saa haikupita foleni ya meza ikawa ndefu kuliko ya maji.

Wawira alishughulikia simu. Kazi ya Shabir ilikuwa kutafuta betri inayoingia, na hata hiyo aliikosea mara kwa mara. Alasiri alifika mzee mmoja mrefu aitwaye Jamleck, mkulima wa viazi kutoka ng'ambo ya Elburgon, na simu isiyo na mgongo wala betri, imefungwa kwa mpira. Shabir alijaribu betri tatu. Ya nne iliingia. Kioo kikawaka.

Kwa muda haikutokea kitu. Kisha simu ikaanza kulia, ujumbe baada ya ujumbe, ikitetemeka juu ya meza hadi Shabir akaishika isianguke. Zilikuwa kumi na moja.

"Nisomee, tafadhali," mzee alisema. "Miwani ilibaki kwa nyumba. Na nyumba haiko."

Shabir aliinyoosha simu mbali na macho, maana yeye mwenyewe alihitaji miwani na kwa kiburi hakuwa ameibeba. Akasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili. "Baba uko wapi. Baba piga simu. Baba, ni Natalie, nimepigia watu wote hakuna anashika. Baba, mimi niko Nairobi niko salama. Baba, hata kama huna pesa nitumie ile meseji ya bure ya 'nipigie' nitakupigia..."

Alipofika ya sita alimnyooshea Wawira simu. Wawira akaipokea taratibu, akabonyeza namba, akaiweka sikioni pa mzee.

"Natalie? Eeh. Ni mimi," alisema Jamleck. Akasikiliza kwa muda mrefu, na upande wa pili mtu alikuwa analia kwa sauti hadi meza nzima ikasikia. "Niko sawa. Niko Nakuru. Wacha kulia. Umekula?"

Shabir alisema anakwenda kuangalia betri ya gari kama imelegea. Alisimama nyuma ya Datsun akiiangalia kwa dakika kumi, ingawa betri ya gari haikuwa huko. Anaposimulia hudai kwamba lilikuwa vumbi, na kwamba mtu aliyebakiwa na nyusi moja na nusu huingiwa na vumbi kirahisi.

Walirudi uwanjani kila siku kwa siku kumi na tisa. Betri zote zilikwenda, hata ile ya simu yake mwenyewe.

Wawira na mamake walikaa kwa Shabir hadi mwezi wa tano, wakapata chumba upande wa pili wa mji. Kufikia wakati huo ubao wa mlangoni ulikuwa umepakwa rangi upya. Saa za ukutani zilihamia pembeni, na nusu ya duka ikawa ya kupima na kufufua betri za simu. Wawira ndiye aliyeiendesha, Shabir akiwa, kwa cheo chake rasmi, mtu wa kifutio. Jerop alituma mfuko kutoka Elburgon kila mwezi, na sasa alidai arudishiwe zilizopona.

Zilizokufa kabisa zilibaki mchangani, na pipa likawa mapipa mawili. Hizo zilimsumbua Shabir kuliko alivyotarajia. Hakutaka zirudi chooni. Mwezi wa kumi na moja Tanveer alipiga simu kutoka Nairobi kumpa habari mbili: bei ya kobalti imeporomoka vibaya kabisa, na kuna watu wa kompyuta kuukuu wanaopeleka taka zao ng'ambo kwa kontena, wako tayari kuchukua betri zake pamoja na zao. Bila malipo.

"Bila malipo yangu au yao?" Shabir aliuliza.

"Ya wote, Chacha. Hakuna anayelipa mtu."

"Hiyo ndiyo bei nzuri kuliko zote nimepata," alisema Shabir.

Lori lilikuja Alhamisi. Walikuwa wamefunika vyuma vya kila betri kwa tepu, kama Wawira alivyoagiza, kazi iliyowachukua wiki nzima, na mapipa yakapandishwa. Dereva alimpa karatasi atie sahihi, penye nafasi ya thamani ya mzigo pakiwa wazi. Shabir alifikiri, akaandika sifuri, akaifuta, akaandika idadi ya kilo. Lori likaondoka. Alisimama barabarani akilitazama hadi likakunja kona, na alikuwa karibu kujitungia hotuba kuhusu jambo hilo.

"Mzee!" Wawira aliita kutoka ndani. "Kuna watu watatu wanangoja, na mimi nina mikono miwili. Njoo ushike hii waya."

Shabir akaingia ndani kushika waya.